Mke wa Jumamosi

"Naitwa Trish. Mimi ni mke wa Selwyn."

Leonie alikuwa amechelewa, akaingia ukumbini kimyakimya na kukaa kiti cha nyuma kabisa, keki ya nanasi mapajani. Akajiambia atakuwa ni Selwyn mwingine, Mackay si mji mdogo hivyo. Halafu akaiona ile shingo pale mbele, ndani ya shati alilolipiga pasi yeye mwenyewe asubuhi ile.

Kundi hili alilitafuta yeye. Mwaka uliopita Selwyn alipofukuzwa kiwanda cha sukari kwa kwenda kazini amelewa, Leonie ndiye aliyepiga simu huku na huku mpaka akawapata hawa watu wanaokutana Jumamosi asubuhi ukumbi wa nyuma ya kanisa, wanasaidiana kuacha pombe. Akampeleka, akamsubiri kwenye gari. Wiki iliyofuata Selwyn akamwambia:

"Mke wangu, wake hawaruhusiwi mle. Yanayosemwa mle yanabaki mle."

Leonie akaheshimu. Hakuwahi kuuliza hata neno.

Juzi tu ndipo alipopiga ile namba kuuliza kama anaweza kutuma keki, maana mtu wake anatimiza mwaka hajagusa chupa. Anti Dulcie, mwenyekiti, akacheka.

"Kutuma? Ilete mwenyewe, mwanangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya familia siku zote."

Anti hakuuliza ni familia ya nani. Kwenye simu hawa watu hawataji majina.

Trish alikuwa anaendelea, leso mkononi:

"Kuna usiku alianguka bafuni, sikuweza kumnyanyua. Nikang'oa pazia la bafu nikamfunika. Nikakaa sakafuni nimemshika kichwa asipaliwe na matapishi. Mpaka asubuhi."

Watu wakaanza kufuta machozi. Leonie akasimama.

"Pazia lilikuwa la rangi gani?"

Ukumbi mzima ukageuka. Shingo ya Selwyn peke yake haikugeuka.

"Samahani, dada?"

"Pazia. La rangi gani?"

Trish akamtazama Selwyn. Selwyn akatazama viatu vyake.

"La kijani, lina samaki," Leonie akasema. "Na aliyekaa sakafuni ni mimi. Naitwa Leonie. Mimi pia ni mke wa Selwyn, ila mimi ni wa wiki nzima."

Anti Dulcie akaweka birika chini taratibu. Mama huyu enzi zake alikunywa mpaka mvinyo wa kupikia, hakuna uongo wa mlevi asioujua.

"Selwyn mwanangu, una wake wangapi? Nijue biskuti za kununua."

Selwyn akainua uso.

"Anti, si tulikubaliana yanayosemwa humu..."

"Yanabaki humu, najua, nimeyabandika mimi pale ukutani. Yanafunika aibu ya mtu. Hayafuniki mke."

Trish alikuwa ameshakaa.

"Aliniambia mmeachana," akamwambia Leonie. "Kwamba ulimtupia nguo nje, ulishindwa kumvumilia."

"Na pazia?"

"Alinisimulia yeye. Akaniomba niseme ni mimi, maana hapa wanamheshimu mke aliyevumilia." Akaikunja leso. "Mimi sijawahi kumuona amelewa hata mara moja."

Leonie akaiacha keki kwenye kiti, akatoka. Selwyn akamfuata mpaka kwenye gari.

"Leonie, mpenzi, nisikilize."

"Ongea. Mwaka mzima sijakusikia."

"Wewe ukiniangalia unamuona yule wa bafuni. Kila siku. Yeye akiniangalia anaona mwanamume tu."

"Kwa hiyo huyo mwanamume ukampa yeye."

"Si hivyo..."

"Mlevi ulinipa mimi, Selwyn. Nikakaa naye. Alipopona ukamgawa. Hata hilo ningelia nikanyamaza, si wa kwanza kuibiwa mume. Lakini ukampa na usiku wangu. Sikumwambia hata dada yangu, nakulindia heshima. Wewe ukaenda kumfundisha mwanamke mwingine ausimulie."

Selwyn akaanza kulia. Mkono wa Leonie ukataka kwenda kumfuta kwa mazoea, akautia mfukoni.

"Nije nyumbani tuongee?"

"Rudi ndani. Ukiondoka hapa saa hizi utapitia baa, nakujua. Sitaki ulewe. Nataka uwe mzima kabisa wakati unakosa mke."

Selwyn akarudi ndani. Haikupita muda simu ya Leonie ikalia, ujumbe wake:

"Nisamehe. Naomba nafasi moja tu."

Akajibu: "Za ulevi nilikupa zote. Ya uzima umeitumia kwa mke wa Jumamosi."

Alikuwa ameshawasha gari alipomuona Trish anatoka, macho yamevimba, mkoba kaukumbatia.

"Nilikuja na gari lake," Trish akasema kwa aibu. "Kituo cha basi kiko mbali?"

"Mbali."

Leonie akamtazama juu mpaka chini. Alitamani amchukie vizuri, lakini yule mwanamke alikuwa anatetemeka kama kanyeshewa.

"Panda. Kaa nyuma."

Wakaenda, mashamba ya miwa yakipita kushoto na kulia. Mwishowe Trish akakohoa kidogo.

"Dada, sijui hata niseme nini..."

"Usiseme kitu," Leonie akamwambia. "Safari hii nasimulia mimi."