Kongo Mahali pa Kahambu

Siku Kahambu alipomwona Bienvenu kwa mara ya kwanza, lori lilikuwa limezama kwenye matope katikati ya Mubi, na pikipiki zote za mji zilikuwa zinapiga honi, kana kwamba honi inaweza kulivuta lori. Kahambu alikuwa amesimama mlangoni mwa duka la mama yake, Mama Anastasie, mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia huku msituni kuwauzia wake za wachimba madini vitenge, ambavyo huku vinaitwa vikwembe. Alivaa kikwembe cha manjano chenye maua mekundu, blauzi ya mikono mifupi, na nywele zake zilikuwa zimesukwa asubuhi ileile. Alijua kwamba amependeza. Hilo tuliseme mapema, maana Kahambu hakuwa msichana wa kujifanya hajui.

Juu ya magunia ya lori alikaa kijana mrefu mwenye koti la ngozi lililochakaa mabegani, amepakata kapu la jibini ya Masisi, ile ya mviringo ambayo kila mtu huku anaiita fromaji.

"Dada wa kikwembe ya manjano," akaita. "Uko naangalia lori ao uko naangalia miye?"

"Niko naangalia fromaji," Kahambu akajibu. "Weye uko naifunika."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akasogeza miguu ili kapu lionekane.

"Jina yako ni nani?"

"Jina yangu haiko ya kutupa mu matope."

"Basi nitaiokota, nitaiweka mahali pazuri."

Jina alilipata kwa Kétsia, rafiki wa Kahambu mwenye duka la jirani, ambaye alilitoa kwa kipande cha jibini bila hata kuona haya. Kwao Karuba, kwenye milima ya Masisi, Bienvenu alizoea kuwatungia ng'ombe nyimbo wakati wa kukamua, kwa hiyo kumtungia mtu hakukumpa shida. Kabla lori halijatoka kwenye matope alisimama juu ya magunia akaimba, na nusu ya Mubi ikasimama kumsikiliza:

*Kahambu, milima yote nimepita,*
*Kahambu, nimechoka, nifungulie.*

Sauti yake ilikuwa nzito na yenye kukwaruza kidogo. Kahambu alimpa mgongo, lakini hakuingia dukani. Kétsia alichukua simu yake akapiga video kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tangu siku ile wenye pikipiki walikuwa wanapiga mluzi wa wimbo ule kila Kahambu akipita. Alijifanya kukasirika, lakini moyoni alikuwa anaufuata kwa maneno. Bienvenu alirudi na kila mzigo wa jibini, na asipokuwepo alipiga simu mpaka betri ikaisha. Walipatana kwamba baada ya mavuno ya maharage angewaleta wazee wake, kisha Padri Séraphin angetangaza ndoa yao kanisani Jumapili tatu, akiuliza kila mara kama kuna mtu mwenye neno.

Maharage hayakuvunwa. Bunduki zililia kwenye milima ya Masisi, Karuba ikakimbia, na simu ya Bienvenu ikanyamaza. Kahambu aliomba rozari, akakonda, akamkatalia mwenye lori mmoja aliyetaka kumposa. Alimlilia Bienvenu kama mtu aliyekufa.

Kisha akamsikia kwenye redio.

Nchi ilikuwa inatafuta wimbo mmoja wa kuupeleka kwenye shindano la mataifa. Kila mkoa ulichagua wake kwa kura za meseji na kwa majaji, na sharti kubwa lilikuwa moja: wimbo uwe mpya, usiwe umesikika popote mbele ya watu. Mama Adelaïde, mkuu wa majaji, alikuwa anawahoji waimbaji mmojammoja kutoka Goma.

"Papa Bienvenu, hii wimbo uliimbiaka mwanamuke gani?"

"Hakuna mwanamuke, Mama. Niliimbia inchi yangu. Ni wimbo mupya kabisa, hakuna muntu aliisikiaka."

Halafu ile sauti ya kukwaruza ikajaza duka. *Ee Kongo, milima yote nimepita. Ee Kongo, nimechoka, nifungulie.*

Wateja waliokuwa wanapima vikwembe waliviacha mikononi. Hakuna aliyemtazama Kahambu, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemtazama. Yule aliyemlilia alikuwa mzima, anacheka redioni, na mahali pa jina lake alikuwa ameweka nchi nzima. Baada ya siku chache tu, wenye pikipiki wakaacha kupiga mluzi.

"Video ningali nayo," Kétsia akasema jioni. "Tuitume kwa bale majaji leo."

"Hapana. Leo angali chini. Akianguka sasa atajipangusa tu na kwenda. Acha apande kwanza."

"Weye uko mubaya, Kahambu."

"Nilikuwa muzuri. Uliona ilinipa nini?"

Akaanza kazi. Hakuna mwanamke aliyetoka dukani na kikwembe bila kuonyesha kwenye simu kwamba amempigia Bienvenu kura. Wachimbaji waliposhuka kutoka machimboni, Kahambu aliwatuma wake zao wawaombe kura. Aliwaomba makarani, akawaomba wenye pikipiki, aliomba hata baada ya misa. Mji ukamsifu. Mama Anastasie aliwaambia wateja, "Mutoto yangu iko na moyo munene," na Kahambu akatabasamu huku anakunja vitambaa. Bienvenu alishinda mkoani, akapanda tena, mpaka nyimbo zikabaki mbili tu nchi nzima.

Ndipo simu ikalia.

"Alo, sheri, mupenzi wangu. Ni miye."

"Najua ni weye. Mu simu yangu sikubadilishaka jina ya muntu."

Bienvenu akageuza maneno haraka.

"Bananiambia Mubi njo ilinipa kura mingi kupita Goma. Ni weye ulifanya ile kazi?"

"Ni batu ya Mubi. Banapenda sauti yako."

"Na weye? Unaipendaka tena?"

"Mingi sana."

"Sheri, ile maneno nilisema mu radio..."

"Maneno gani? Aa, ile. Ulisema vizuri. Nani atapeleka jina ya muuza bikwembe ku mataifa?"

"Uko nacheka ao uko nakasirika?"

"Shinda kwanza, mupenzi. Kisha tutaongea."

Alipokata simu alikunja kitambaa kimoja mara tatu, na si kwa hasira peke yake. Ile sauti bado ilikuwa inamgusa palepale. Akazidi kumchukia kwa hilo.

Kwa sharti la mwisho, kila mmoja wa wale wawili alitakiwa kuimba mbele ya watu wake, mahali atakapochagua mwenyewe. Majaji wangeuliza mara tatu, watu wale na mwimbaji mwenyewe, kama wimbo uliwahi kusikika. Karuba haikufikika kwa vita. Bienvenu akachagua Mubi. Kahambu aliposikia alicheka peke yake dukani: mtego ulikuwa haujafichwa, na mtu anakuja mwenyewe kwa ndege.

Ndege ndogo ilitua Kilambo, karibu na Mubi, juu ya barabara, baada ya watu na mbuzi kuondolewa njiani. Bienvenu akafika sokoni amevaa suti ya bluu ya kuazima, mikono mifupi kuliko mikono yake, amekonda mashavu. Kahambu alivaa kile kikwembe cha manjano. Alisimama mbele kabisa, simu ya Kétsia mkononi.

Bienvenu aliimba vizuri kuliko siku ya lori. Baadhi ya wanawake walilia. Mama Adelaïde, mama mfupi mwenye miwani na kofia nyeupe, akasogea na kipaza sauti.

"Batu ya Mubi, kuko muntu aliisikiaka hii wimbo mbele?"

Mubi yote ilikuwa imeusikia. Mubi yote ilikuwa imeupigia mluzi. Watu wakatazamana, wakafikiria jina la mji wao likitajwa mbele ya mataifa, wakajibu kwa sauti moja, "Hapana."

Kahambu hakulitegemea lile. Alimtazama mwenye pikipiki aliyekuwa akimpigia mluzi kila asubuhi, naye akaangalia viatu vyake.

"Kuko muntu?"

"Hapana." Safari hii alisikia na sauti ya mama yake.

"Na weye, muimbaji, mara ya mwisho. Uliimbaka hii wimbo mbele ya batu?"

Bienvenu alimwona Kahambu. Alimtazama sawasawa, akasema, "Hapana, Mama."

Kahambu akapanda jukwaani, akaiweka simu kwenye kipaza sauti, akabonyeza. Soko zima likasikia honi za pikipiki, kicheko cha Kétsia, na ile sauti juu ya lori: *Kahambu, milima yote nimepita.*

"Kahambu ni nani?" Mama Adelaïde akauliza.

"Ni miye," alisema. "Si inchi. Ni miye."

Ndege iliondoka na majaji, na wimbo wa mkoa mwingine ukawa ndio wa kupelekwa kwa mataifa. Watu wa Mubi walipita mbele ya duka bila kusalimia. Bienvenu alibaki amekaa juu ya kreti tupu za soda, koti la suti magotini. Kahambu akamwendea, maana utamu wa kisasi alitaka kuuonja kwa karibu.

"Umefurahi?" Bienvenu akauliza.

"Ndiyo."

"Ulinipandisha juu, upate kuniangusha."

"Njo vile. Na ningeweza, ningekupandisha zaidi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mama yangu analala mu hema ya bakimbizi kule Mugunga, juu ya mawe ya volkano. Mvua inaingia. Simu niliiuzaka nipate dawa yake, nikabakia na namba tu. Balisema mwenye kushinda atapewa nyumba. Ningekupigia simu nikuambie nini? Kwamba nimekuwa muombaji? Nikaona nitoe jina yako, nipate nyumba, kisha nikuje nikuoe nayo."

Kahambu alikaa kwenye kreti ya pili. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa na maumivu ndani yake, akimfikiria yule mama kwenye mvua.

"Bienvenu, ungeniomba."

"Nikuombe nini?"

"Jina yangu. Ungesema, Kahambu, nipe jina yako, niweke Kongo pale. Ningekupa. Ningeitoa mu wimbo na mikono yangu mwenyewe, na ile video ningeiunguza. Lakini hukuomba. Uliiba."

Bienvenu akainamisha uso, akalia bila kuficha. Hakujitetea tena.

"Nisamehe. Nioe... hapana. Nikubalie nikuoe."

"Kwanza utaimba," Kahambu akasema. "Na jina yangu ndani. Ku mulango ya kila muntu aliyesema hapana. Na yeye atatoka inje, aseme aliisikiaka."

"Ni mji muzima, Kahambu."

"Anzia kwa mama yangu."

Akaimba. Alianzia kwa Mama Anastasie, ambaye alitoka na unga mikononi akasema kwa aibu, "Niliisikia, mwanangu." Akaenda kwa wenye pikipiki, kwa makarani, kwa wake za wachimbaji. Kahambu alikuwa nyuma yake, mikono kifuani, akingoja kila mmoja aseme. Kufikia mwisho wa mtaa sauti ya Bienvenu ilikuwa imekauka kabisa, na watu walikuwa wameanza kucheka tena na kuimba kwa niaba yake.

Baada ya hapo Kahambu alimtuma Mugunga. Akarudi na mama yake kwa ndege ya mizigo, na yule mama akapewa chumba cha nyuma ya duka, chenye bati lisilovuja.

Padri Séraphin alitangaza ndoa yao Jumapili ya kwanza, akatangaza na ya pili. Jumapili ya tatu kanisa lilijaa mpaka nje.

"Kama kuko muntu mwenye kujua sababu ya kukataza hii ndoa," padri akasema, "aseme sasa."

Kanisa zima likageuka kumtazama Kahambu. Polepole akafungua mkoba wake, akaingiza mkono, akatafuta. Bienvenu, pembeni yake, aliukazia macho ule mkoba akiiwazia ile video. Kétsia alijiziba mdomo. Hata padri alingoja.

Kahambu akatoa kitambaa, akajifuta jasho la shingoni kwa raha zake, akakikunja, akakirudisha mkobani na kuufunga.

"Endelea, Padri," akasema.