Mapipa ya Jumamosi

Mama Korkor wa mlango wa nne anasimulia kwamba Luteni Dogbe alipiga magoti mbele ya pipa la maji akalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Anasimulia hivyo sokoni, anasimulia hivyo kanisani, na kila akisimulia machozi ya Luteni yanaongezeka. Juzi yalikuwa yamefika kwenye buti. Mimi nilikuwapo, nimesimama na ndoo tupu mkononi. Hakulia, wala hakupiga magoti. Aliinama tu. Lakini simlaumu Mama Korkor. Mtoto aliyekuwa mgonjwa siku ile alikuwa wake, na mtu mwenye hofu kama ile huona mambo makubwa kuliko yalivyo.

Pipa lenyewe lilikuwa la kina Lamisi, jirani zangu wa ukuta mmoja. Lamisi ana miaka kumi na miwili. Baba yake, Sajini Atampugre, alikuwa ng'ambo pamoja na karibu kikosi chote, wamekwenda kulinda amani ya watu wengine. Kambini tulibaki wake na watoto, askari wachache wa ofisini, Sajini Meja Awuni ambaye goti lake lilikataa safari, na Luteni Dogbe aliyeachiwa kambi nzima. Luteni alikuwa kijana, hata ndevu zake zilikuwa bado zinasitasita.

Kila siku ilianza kwa baragumu. Lamisi alifagia baraza, akapasha uji wa mtama, akamvalisha mdogo wake, kisha akaenda bombani na dumu la njano kichwani kabla ya shule. Mama yake alikuwa amechoka. Sote tulikuwa tumechoka. Harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, ilikuwa imetuletea vumbi lake la kila mwaka, midomo imepasuka, watoto wanakohoa, na mafuta ya shea yamebaki ya kukwangua chini ya kopo. Mume akiwa mbali, kazi ya wawili inakuwa ya mmoja, na huyo mmoja hana wa kumpokeza zamu.

Jumamosi ndiyo siku ya ukaguzi. Kambini kwetu, kabla afisa hajapita, kila pipa la maji humwagwa, hukaushwa, na kusimamishwa kichwa chini mbele ya mlango. Amri hiyo ilitolewa zamani, mwaka mmoja wa mvua nyingi, mbu walipozaana ndani ya mapipa na malaria ikalaza nusu ya kambi. Tangu hapo mapipa hupinduliwa, iwe masika au kiangazi. Hakuna aliyeuliza. Tulimwaga asubuhi, tukakaguliwa, tukaenda bombani kuchota upya, basi.

Wiki ile pampu iliharibika. Ikapakiwa kwenye gari pekee lililobaki kambini, ikapelekwa mjini kwa fundi. Bomba likakauka. Tukaanza kunywa kwa vikombe na kuoga kwa kitambaa.

Ijumaa jioni Magajia Adiza akapita milangoni. Magajia ndiye kiongozi wa wake wa askari. Akisema yeye, hata wake wa maofisa husikiliza.

"Ukaguzi upo kesho," akasema.

"Na maji je, Magajia?" Mama Lamisi akauliza.

"Mimi nimetumwa, sikutunga. Luteni amesema kila kitu kiwe kama mkuu wa kikosi alivyokiacha."

"Mkuu aliacha bomba linatoa maji!"

"Kamwambie wewe basi. Miguu yangu imeisha."

Hakwenda mtu. Aliyekaguliwa na pipa lake lina maji, jina la mumewe lilisomwa kwenye gwaride, na Sajini Atampugre alikuwa kwenye mwaka wa kupandishwa cheo. Mama Lamisi alikaa kizingitini kitambo. Kisha akamwita binti yake, wakaliviringisha pipa polepole kwa ukingo wake wa chini hadi nyuma ya bafu, likiwa na maji kama nusu. Wakalifunika kwa turubai, juu wakaweka kuni. Mbele ya mlango wakapindua pipa bovu lenye tundu.

"Ukiulizwa?" mama akasema.

"Hatuna maji," Lamisi akajibu.

"Vizuri. Usicheke wala usilie. Sema tu."

Asubuhi Luteni alipita na fimbo yake kwapani. Aligonga kila pipa kwa kidole, akachungulia chini, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mapipa yalikuwa yamepangwa sawasawa kama meno ya mtoto. Alisema, "Hongereni kina mama. Kambi hii haijalala." Sisi tulikuwa tunasinzia tukiwa tumesimama.

Hapo ndipo koplo wa zahanati alipokuja mbio.

"Afande, mtoto wa Mama Korkor, yule Ayitey, anahara tangu alfajiri. Ameanza kulegea. Chumvi na sukari ninayo, maji sina. Tangi la zahanati tumelimwaga kwa ajili ya ukaguzi."

Luteni akamtazama kama mtu aliyeongeleshwa lugha ngeni. "Mmemwaga tangi la zahanati?"

"Nalo hukaguliwa, afande."

Luteni akageukia safu. "Nani ana maji?"

Mbuzi mmoja alipiga chafya kwa vumbi.

Luteni akaanza mlango wa kwanza. "Una maji?" "Hakuna, afande." Mlango wa pili. "Hakuna, afande." Alipofika kwangu nikasema vilevile, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Gari lilikuwa mjini na pampu. Boza la maji lilikuwa limeahidiwa kesho yake. Kijiji cha karibu kilikuwa mwendo mrefu kwa miguu, na kisima chao nacho tulisikia kimeshuka.

Korkor, dada yake Ayitey na rafiki yake Lamisi wa dawati moja darasani, alikuwa amesimama kwenye mlango wa zahanati. Midomo yake ilikuwa imejaa vumbi. Juzi tu Lamisi alikuwa amemtania, "Wewe Korkor, umepaka unga au unaenda kuolewa?" na yeye akamjibu, "Afadhali unga, wewe unafanana na kuta za jela." Sasa hakuwa na utani. Alisema tu, "Lamisi, macho yake yameingia ndani."

Lamisi akamtazama mama yake. Mama akatingisha kichwa kidogo sana, kama anafukuza nzi. Nadhani Lamisi alikuwa anamwona baba yake kwenye gwaride, jina linasomwa, na ule utepe wa cheo unakwenda kwa mwingine.

Luteni akafika mlangoni kwao. "Mna maji?"

"Hakuna, afande," Mama Lamisi akasema.

"Yapo," Lamisi akasema.

Mama akambana mkono. Lamisi akaendelea, haraka haraka, "Yapo nyuma ya bafu, chini ya kuni. Nusu pipa. Mimi ndiye niliyeliviringisha. Mchukulie Ayitey, afande, halafu utuadhibu baadaye."

Tukamfuata wote. Luteni mwenyewe akazitupa kuni pembeni, akavuta turubai. Maji yalikuwapo, meusi kwa kivuli, yametulia. Hapo ndipo alipoinama, kiganja chake kwenye ukingo wa pipa, na akabaki hivyo. Koplo hakungoja ruhusa. Alichota ndoo, akakimbia nayo zahanati, Korkor nyuma yake.

Sajini Meja Awuni akatoa kalamu mfukoni. "Afande, niandike jina la mume?"

"Kwa nini mlificha?" Luteni akamuuliza Mama Lamisi. Hakupaza sauti.

"Kwa sababu ulituambia tumwage," Mama Lamisi akajibu. Naye hakupaza sauti. Alikuwa amechoka mno hata kuogopa.

"Mngeniambia kwamba bomba limekauka."

"Ulikuwa hujui?"

Bila shaka Luteni alijua. Yeye ndiye aliyetia saini pampu ipelekwe mjini.

"Afande, jina," Sajini Meja akasema tena. "Amri ni amri. Hii ya mapipa ina miaka mingi jeshini kuliko wewe."

"Andika langu," Luteni akasema.

"Afande?"

"Dogbe. D, o, g... Unajua kuandika, Sajini Meja."

Mzee akatazama kalamu yake, akairudisha mfukoni bila kuandika.

Luteni akarudi mbele ya safu. Alivua kofia, na hapo tukaona jinsi alivyokuwa mdogo, masikio yamemtoka pembeni. Akasema, "Nimekagua mapipa, sikukagua bomba. Nilitaka mkuu wa kikosi akirudi asione kilichobadilika. Kumbe kila kitu kilikuwa kimeshabadilika, mimi peke yangu ndiye niliyebaki palepale. Kosa ni langu. Mwenye maji ayatoe, zahanati kwanza, halafu wenye watoto wachanga. Halitaandikwa jina la mtu."

Hakutoka mtu. Tulikuwa tumeishi na ile adhabu muda mrefu; kijana mmoja kuvua kofia hakuwezi kuifuta papo hapo.

Ndipo Magajia Adiza akashusha pumzi ndefu, akaingia ndani kwake, akatoka akiburuta madumu mawili kutoka chini ya kitanda. "Msinitazame," akasema. "Na mimi nina koo."

Basi! Maji yakaanza kutokea. Mwingine alikuwa ameyaweka kwenye chungu chini ya rundo la nguo chafu. Mwingine kwenye kabati la vyombo, kwenye sufuria iliyofunikwa kwa Biblia. Mimi yangu yalikuwa kwenye beseni chini ya kitanda cha mtoto. Mke wa Sajini Meja akatoka na pipa zima, analisukuma kwa kiuno.

"Hata wewe?" mzee Awuni akamaka.

"Chai yako ya asubuhi ulidhani imepikwa kwa nini? Kwa amri?"

Watu wakacheka, kicheko cha uchovu, kifupi. Sajini Meja akajifanya anasugua goti.

Ayitey alinyweshwa kijiko kwa kijiko mpaka adhuhuri. Alasiri akalia kwa sauti, na machozi yakatoka. Koplo akasema hayo machozi ndiyo aliyokuwa akiyangoja. Mama Korkor akamshika Lamisi mabegani, akamwachia, akarudi kwa mtoto wake.

Siku iliyofuata boza lilikuja, na baada yake pampu. Luteni akaleta vyandarua vikuukuu kutoka ghalani, akatufundisha kuvifunga juu ya mapipa kwa kamba, mbu asiingie na maji yasimwagwe. Pipa la kwanza alilifunga mwenyewe, kamba ikateleza, watoto wakacheka. Kesho yake tukagundua kwamba chandarua huzuia mbu lakini hakizuii vumbi. Mama Lamisi akaenda kumwambia, safari hii kwa miguu yake, mchana kweupe. Luteni akaagiza tuongeze kitambaa juu ya chandarua.

"Amri mbili tofauti ndani ya siku mbili," Sajini Meja akanung'unika.

"Ya tatu ikihitajika, tutaitoa," Luteni akasema.

Jioni ile Lamisi na Korkor walikuwa wanachambua maharage barazani kwa Magajia, na mimi nilikuwa nimeegemea nguzo. Lamisi akauliza kama alimkosea mama yake.

Magajia alikuwa anakandakanda nyayo zake. "Sikiliza, mwanangu. Maji kuyatunza, mama yako alifanya vizuri. Kosa lilikuwa letu sote tulipomwambia yule kijana 'hakuna'. Tulimfunga macho, kisha tukamlaumu kwa kujikwaa. Kiongozi hawezi kurekebisha jambo aliloambiwa halipo."

"Lakini askari si lazima atii?" Korkor akauliza.

"Lazima. Jeshi lisilotii ni kundi la watu wenye bunduki. Lakini amri ni kama kiatu, hushonwa kwa mguu wa siku ile. Mguu ukivimba, huukati mguu. Unalegeza kamba, unaendelea kutembea. Yule Luteni alilegeza kamba mbele ya watu wote, na si wengi wenye vyeo vikubwa kuliko chake wanaoweza. Ila asingeweza, kama mtoto mmoja asingesema 'yapo'."

"Niliogopa," Lamisi akasema.

"Hata mimi niliogopa, na mimi ni Magajia. Haya, chambueni, hayo mawe yatanivunja meno."

Ijumaa tulikuwa bombani, foleni ndefu, maji yanatoka kwa mikupuo. Luteni akapita akaangalia mkondo, kama anavyofanya sasa kila siku. Mama Lamisi alikuwa mbele, ndoo yake inajaa.

"Luteni," akasema, "mwanangu. Nina ombi."

"Sema, mama."

"Kesho usitukague. Jumamosi moja tu. Tulale mpaka jua litoke."

Luteni akatazama nyuso zetu, moja moja, mpaka mwisho wa foleni. Ndoo ikafurika, maji yakaanza kumwagikia buti zake. Akafunga bomba, akasema, "Laleni, mama," akainyanyua ndoo ile kwa mkono wake, akaenda nayo kuelekea mlangoni kwa kina Lamisi, anatembea taratibu ili isimwagike.