Kompyuta ya Stoo

Rafiki yangu Luhende, fundi kompyuta wa Mirongo, hasemi uongo hata akilewa. Mwaka tisini na nane aliitwa kwenye ghala la samaki ziwani, ambako kompyuta ya mfumo wa Linux ilikuwa inaganda ovyo. Mwenye ghala, Bi Raya, alimfungia kwa kufuli ndani ya stoo yenye kompyuta hiyo.

"Samahani, fundi. Vipuri vinaibwa sana."

Humo hamkuwa na dirisha wala taa, mwanga ulikuwa wa skrini tu. Ghafla kompyuta ikaganda, feni yake ikanyamaza, na mlangoni mtu akapiga hodi.

"Karibu," Luhende akajibu kwa mazoea.

Kompyuta ikaendelea kufanya kazi. Mlango haukufunguliwa, lakini nyuma ya Luhende kiti kitupu kikalia taratibu, kama kimekaliwa. Akaurukia mlango, akaugonga kwa ngumi.

"Nifungulie, mama!"

"Naja na ufunguo," Bi Raya akajibu kutoka nje. "Ila huyo mwenzako anacheka nini?"