Sifa Zilizozidi Sukari

Kila siku baada ya masomo, Kidoti alipitia kwenye duka la keki alikofanya kazi shangazi yake, akamsaidia kuosha vyombo. Alikuwa amehamia shule ile muhula uliopita, na hadi leo hakuna aliyemwambia, "Twende wote." Wakati wa mapumziko alikula peke yake, akijifanya anasoma.

Akaona dawa ni kusifu. Aliyesuka nywele alimwambia amependeza kuliko darasa zima. Aliyechora jogoo alimwambia jogoo wake anakaribia kuwika. Walicheka, wakaenda zao.

Siku moja msichana wa dawati la mbele alimsomea insha aliyokusudia kuisoma mbele ya shule nzima. Ilikuwa ndefu mno, na mwisho wake haukueleweka. Kidoti aliliona hilo, lakini akasema, "Mwenzangu, hii asali! Usiguse hata nukta."

Siku ya siku ilipofika, wanafunzi walipiga miayo, kisha wakaanza kucheka. Msichana yule alishuka jukwaani machozi yakimlengalenga.

"Ulijua," alimwambia Kidoti. "Ulijua, ukaniacha niaibike."

Jioni Kidoti alimweleza shangazi yake yote. Shangazi akaacha kupiga mayai.

"Mwanangu, keki iliyozidi sukari inakinaisha. Utamu wake ni wa kweli, ila umepita kiasi. Sukari ya bandia ni jambo jingine: tamu mdomoni, chungu kooni. Sifa zako zilikuwa zipi?"

Kidoti aliinamisha kichwa. "Za nywele zilikinaisha, maana kweli alipendeza. Za insha zilikuwa bandia."

"Basi kamwambie mwenyewe."

Kesho yake wakati wa mapumziko alimfuata msichana yule. "Nisamehe. Mwisho wa insha yako sikuuelewa. Niliogopa kwamba nikisema ukweli utanichukia."

Msichana akafungua daftari, akalisogeza mbele ya Kidoti.

"Sikuelewi wewe. Haya, nionyeshe wapi hapaeleweki."

Walibishana juu ya sentensi mbili mpaka kengele ikalia, chakula cha Kidoti kikabaki hakijaguswa.

Shangazi aliposikia, alitikisa kichwa, akicheka. "Umeona? Sifu panapostahili, na usizidishe. Penye kasoro, sema kwa upole. Mtu haachi kukupenda kwa sababu hiyo. Hapo ndipo anapoanza kukuamini."