Polepole Kilimani

Picha ilikuwa imeshakaa sawa ndani ya kamera ya Nesrin. Kivuko kilikuwa kinafungwa kamba gatini Üsküdar, abiria wamesongamana mlangoni, na nyuma yao jua la asubuhi ya Aprili limeyapiga maji ya Bosfori yakawa meupe kama bati. Alibana pumzi, kidole tayari. Hapo hapo mwanamume mmoja akakatiza mbele yake amebeba kikapu, na kutoka ndani ya kikapu paka akapiga ukelele uliowageuza watu shingo.

"Umeniharibia picha," Nesrin akasema.

Mwanamume akasimama. Alikuwa mrefu, mvi zimeanza kumwingia juu ya masikio, sweta yake ya bluu imechomoka nyuzi kifuani kana kwamba imepigana na mtu.

"Samahani, bibie. Si mimi, ni huyu. Ananipigia kelele tangu Kadıköy."

"Unampeleka wapi?"

"Namrudisha kwao. Nimemng'oa meno mawili, sasa anataka mji mzima ujue."

"Kumbe paka nao wana daktari wa meno."

"Wa meno, wa tumbo, wa masikio, wote ni mimi. Kwa paka hatugawani kazi."

Nesrin alicheka bila kupanga kucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, amevaa koti la rangi ya mchanga na skafu ya hariri ya kijani iliyokuwa ikimpigapiga kidevuni kwa upepo. Akainua tena kamera. "Basi simama hapo hapo. Picha imeshaharibika, tuiharibu vizuri."

Ndivyo Nesrin alivyofahamiana na Vedat, daktari wa wanyama. Vedat aliomba atumiwe picha ile, na ili atumiwe ilibidi waachiane namba za simu. Jioni ile picha ilifika. Baada ya picha zikafuata simu.

"Bi Nesrin, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula simit moja, mkate wa ufuta, nikiwa nimesimama, mkono mwingine nimemshika mbwa."

"Huko si kula, Bwana Daktari."

"Basi njoo unifundishe."

"Mimi nafundisha jiografia."

"Hiyo hiyo inanitosha. Nielekeze tu kwenu ni upande gani wa mji."

Nesrin alikuwa akizungumza naye akiwa jikoni, bomba la maji limefunguliwa ili kaka yake asisikie. Si kwamba Ilhan alikuwa mtu mbaya. Mama yao alipofariki, Nesrin akiwa bado msichana wa shule, Ilhan ndiye aliyemlea, akamsomesha, akasahau hata kuoa. Walikaa pamoja kwenye ghorofa ya pili, juu ya duka la Ilhan la madaftari na kalamu. Lakini mama alikufa kwa moyo, na majira ya baridi yaliyopita moyo wa Nesrin nao ulianza kwenda ovyo. Ulikuwa ukitulia siku nyingi, halafu ghafla unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena, hadi miguu inamlegea. Daktari alisema kuna tiba: waya mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, kisha huchomwa ile sehemu inayovuruga mapigo. Nesrin alisema atafikiria. Alikuwa bado anafikiria, na huku anakunywa vidonge.

"Tembea, kutembea ni dawa," daktari alimwambia. "Ila vilima uviendee taratibu." Ilhan alisikia habari ya vilima tu. Tangu hapo kila Nesrin alipotoka na kamera yake, simu ilimfuata barabarani.

Vedat hakuambiwa lolote kati ya haya. Nesrin alitaka awepo mtu mmoja katika Istanbul nzima anayemtazama usoni bila kutafuta kama midomo imekuwa ya bluu.

Jumapili waliyopanga kutembea pamoja, waliteremka mtaa wa Kuzguncuk, penye nyumba za mbao zilizopakwa njano na waridi, paka wamelala juu ya magari. Vedat alikuwa amenyoa vizuri na kuvaa shati jeupe, jambo ambalo Nesrin alilitaja mara tatu ili kumwaibisha.

"Leo umependeza. Hakuna hata mgonjwa mmoja aliyekukwaruza?"

"Bado mapema. Na wewe upo."

"Mimi sina kucha."

"Ulimi unao."

Nesrin alimpiga picha kwenye milango, kwenye ngazi, akinusa maua ya zambarau yaliyoning'inia ukutani. Wakaketi mkahawani kando ya maji wakaagiza chai. Nesrin alipotoa kitambaa cha kufutia kioo cha kamera, pakiti ya vidonge ikaanguka. Vedat aliiokota, akaitazama kidogo, akamrudishia, akaendelea kukoroga chai yake. Nesrin alihisi uso unamchoma. Kabla hajapata la kusema simu yake iliyokuwa mezani ikaanza kuita, na jina la Ilhan likawaka kwenye kioo.

Aliinyakua akaenda nayo hadi kwenye ukingo wa maji. Upepo, ambao hauna adabu, ulimletea Vedat kila neno.

"Niko salama, roho yangu. Ndiyo. Hapana, niko na walimu wenzangu. Narudi sasa hivi, usisimame dirishani. Nami nakupenda."

Aliporudi, Vedat alikuwa ameacha kukoroga.

"Nani huyo?"

Kumweleza habari za Ilhan kungekuwa kumweleza habari za moyo. "Mtu wa nyumbani tu," Nesrin akajibu.

Vedat aliwahi kuwa na mke. Mke huyo naye alikuwa na tabia ya kuondoka mezani na simu, akisema ni mtu wa nyumbani, mpaka siku alipoondoka moja kwa moja na mtu huyo. Vedat akaita mhudumu, akalipia chai, akafunga vifungo vya koti ingawa kulikuwa na joto.

"Nadhani urudi nyumbani, Bi Nesrin. Unasubiriwa."

Walikuwa wameshaacha kuitana Bi na Bwana siku kadhaa nyuma. Nesrin aliisikia ile Bi ikirudi mahali pake, akaelewa alivyoelewa: ameviona vidonge, na hataki mwanamke mgonjwa. Alimshukuru kwa chai. Wakaagana kwenye kituo cha basi kama watu waliokutana benki.

Juma zima simu haikuita, isipokuwa ya Ilhan.

Jumapili iliyofuata kulikucha anga safi, na redio ikasema miti ya erguvan imechanua yote pande zote mbili za mji. Maua yale hayangojei mtu. Mti hutoka mzima rangi kati ya waridi na zambarau kabla hata haujaota jani, halafu siku chache baadaye upepo unapita na mambo yamekwisha. Nesrin alivaa raba, akatia kamera begani. Ilhan alikuwa mlangoni na kikombe mkononi.

"Wapi?"

"Fethi Paşa, kwenye ile bustani ya miti. Kupiga picha."

"Kule ni kilima, Nesrin."

"Najua, kaka. Nafundisha jiografia."

"Ukianguka kule nani atakuona?"

"Jumapili kama leo? Nusu ya mji iko kule inakula mbegu za alizeti." Kisha akalainisha sauti. "Nisikilize, roho yangu. Mama alikaa ndani miaka yake yote ya mwisho na bado alikufa. Mimi nataka kuyaona maua. Nitakwenda taratibu, nikichoka nitakaa. Nitakupigia mimi, wewe usinipigie."

Ilhan akasogea kando ya mlango.

Bustani ilikuwa imejaa watu kweli. Familia zilitandaza mablanketi chini ya miti, bibi mmoja mwenye kitambaa cha maua kichwani alikuwa anamenya matango, na juu yao matawi ya erguvan yalionekana kama moshi wa rangi uliogoma kuondoka. Nesrin alipanda hatua chache, akapiga picha, akapumzika, akapanda tena. Kwenye benchi la kwanza mahali njia inapokata kona, alikaa na kugundua mambo mawili: moyo wake umetulia kabisa, na yeye mwenyewe ana hasira. Hasira ile ilimpa ujasiri ambao huzuni haikuwa imempa. Akatoa simu.

"Vedat."

"Bi Nesrin."

"Ungeniambia tu. Ungesema, mimi sitaki mwanamke mgonjwa, nisingekulaumu. Lakini kulipia chai na kukimbia kama mtu aliyeona moto, hilo si jambo la mtu mzima."

"Mgonjwa?"

"Uliviona vidonge vyangu."

"Niliviona. Kuna paka wa bibi mmoja Cihangir, nampa dawa hiyo hiyo kwa moyo wake. Ana miaka kumi na minne na bado anapigana juu ya mapaa. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Mimi tatizo langu ni yule mume wako."

"Mume gani?"

"Ilhan. Roho yako. Asiyepaswa kusimama dirishani."

Nesrin alianza kucheka hadi bibi wa matango akageuka. "Ilhan ni kaka yangu," alisema alipoweza kusema. "Kaka yangu wa tumbo moja, ana miaka hamsini na moja, na anadhani nitakufa nikivuka barabara."

Upande wa pili wa simu ikasikika sauti ya mtu anayetafuta viatu. "Uko wapi?"

"Fethi Paşa. Benchi la kona."

"Usiondoke. Au ondoka kidogo, lakini kwenda juu."

Alifika akihema kuliko mgonjwa, sweta ile ya nyuzi imevaliwa nje ndani. Nesrin aliliona na hakumwambia.

"Mimi ni mpumbavu," Vedat akasema.

"Kidogo. Na mimi nilificha. Tugawane."

"Niambie basi. Yote."

Akamwambia huku wanapanda, mkono kwa mkono, wakisimama kila penye mti unaostahili picha. Walikuwa karibu na ngazi za mawe pale moyo ulipoanza. Nesrin aliujua mwanzo wake: pigo moja linakosekana, halafu yote yanamwagika pamoja.

"Unakuja," akasema.

"Tufanyeje?"

"Tukae tu."

Wakakaa kwenye ngazi. Vedat hakupiga kelele, hakumpepea, hakumuuliza kama aite gari. Aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake kama anavyofanya kazini, akatazama meli ya mizigo ikipita chini kabisa, nyekundu, taratibu. Watu waliwapita wakidhani ni wapenzi wanaopumzika, na hawakukosea. Baada ya muda Nesrin alihisi mapigo yanarudi moja moja, yanapanga mstari.

"Umepita," akasema.

"Nimeuhisi."

"Mama aliingia hospitali kwa miguu yake, Vedat. Alisema tumwachie supu. Ndiyo maana naogopa ule waya."

Vedat alifikiri kabla ya kujibu. "Nikikwambia hakuna la kuogopa utajua naongopa. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba utakapofumbua macho, mtu wa kwanza kumwona nitakuwa mimi. Au Ilhan. Tutasukumana mlangoni."

"Atakushinda. Ana mabega."

"Mimi nimezoea kung'atwa."

Nesrin aliegemeza kichwa begani kwake. Chini yao watoto walikuwa wakikusanya maua yaliyoanguka, wakirushiana. "Kesho nitampigia daktari," akasema. "Anipangie siku. Shule zikifungwa."

"Kabla au baada?"

"Kabla au baada ya nini?"

"Nikuoe kabla ya siku hiyo, au baada?"

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza kama umekula, lakini vidole vyake havikutoka kwenye kifundo cha mkono wa Nesrin.

"Unaniuliza neno kama hilo umekalia mavi ya njiwa?"

Vedat alijiinua kidogo akatazama. Ilikuwa kweli. "Ndiyo," akasema, akakaa tena.

"Na sweta umeigeuza."

"Na sweta nimeigeuza. Kabla au baada, Nesrin?"

"Kabla."

"Hutaki kwanza upone?"

"Nikipona nitaanza kuchagua," akasema, kisha akalazimika kufuta macho kwa ncha ya skafu yake ya kijani. Vedat akambusu kwenye paji la uso. Bibi wa matango, aliyekuwa sasa anapanda nyuma yao na kapu lake, alijifanya anatazama bahari.

Nesrin alimpigia Ilhan, akamwambia yuko salama, na kwamba kesho jioni aandae chai ya watu watatu. Ilhan aliuliza wa tatu ni nani, na alipojibiwa akauliza kama mtu huyo anakula bamia.

Walisimama. Zilikuwa zimebaki ngazi kiasi hadi kileleni, na juu pale kulikuwa na mkahawa na meza zinazotazama maji. Vedat aliibeba kamera. Hakumwambia Nesrin aende polepole, na hakuna mwingine aliyemwambia. Nesrin alikwenda polepole mwenyewe, kwa sababu hakutaka kilima kiishe.