Kesi ya Mwarobaini Uliopinda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wakili alifagia uwanja. Jina hilo alibandikwa na baba yake, aliyedai kwamba binti huyu wa miaka kumi na miwili angeweza kubishana na ukuta mpaka ukuta uombe radhi. Uwanjani palikuwa na miti miwili. Mmoja ulikuwa mwarobaini uliopinda kuelekea nyumba, kama mtu anayechungulia dirishani. Wa pili ulikuwa mkungu mnene, ulionyooka, wenye kivuli kipana. Shinani mwa mkungu uliota uyoga wa kahawia, mpana kama visahani. Uyoga huo ulimkera Wakili. Aliukwangua kwa ufagio, na baada ya siku chache ukarudi.

Lakini mti uliomnyima raha ni ule uliopinda.

"Baba, mwarobaini utatuangukia."

"Nitautazama."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita."

"Na niliutazama. Upo."

Wakili alikaribia kung'oa nywele zake. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akishonea kibarazani, chini ya mwarobaini huohuo. Basi akamgeukia yeye. Alimsumbua asubuhi, akamsumbua jioni, mpaka mama akabeba cherehani na kuihamishia chini ya mkungu.

"Haya, nimehama," alisema mama. "Sasa niache nishone nguo za watu."

Habari ilienea, na kila aliyepita akatoa hukumu. Mjomba alisema ukatwe nusu ya juu. Jirani alisema ufungwe kamba. Bibi alisema usiguswe kabisa, kwani ulikuwapo kabla baba hajaota meno. Hapakuwa na hata mmoja aliyeinama kutazama shina.

Jumamosi baba alimleta mtu aliyejulikana mtaani kama Msumeno. Hakushuka hata kwenye pikipiki yake.

"Huo uliopinda utaanguka wiki hii," alisema.

"Si niliwaambia!" Wakili alirukaruka kwa furaha. Hatimaye amepatikana mtu mwenye akili.

Msumeno alipanda juu kwa ndala, bila kamba wala kofia ngumu, akakata tawi la kwanza. Tawi liliporomoka juu ya bafu, likabomoa bati, wakati bibi ndiyo kwanza anatoka na ndoo yake. Halikumgusa, lakini maji yote yalimmwagikia.

"Ni upepo," alisema Msumeno kutoka juu.

"Upepo gani?" bibi alifoka, maji yakimchuruzika. "Hata nguo kwenye kamba hazitikisiki!"

Mama aliisimamisha cherehani. Alisema kwamba shuleni aliwahi kuja mtaalamu wa miti, na kwamba yeye atampigia mwalimu mkuu aombe namba yake.

"Aje kufanya nini?" baba aliuliza. "Kutazama? Kwani sisi hatuna macho?"

"Macho tunayo, baba watoto. Tumeyatumia mwezi na zaidi, na sasa bafu halina paa."

Baba akamwashiria Msumeno ashuke.

Mtaalamu alifika Jumatatu alasiri. Alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye kofia ngumu, viatu vizito na mkoba wa vifaa. Alitoa cheti chake kabla hajaulizwa, na baba alikisoma mbele na nyuma. Kisha mtaalamu akauzunguka mwarobaini polepole. Alichimbua udongo kwenye mizizi, akagonga shina kwa nyundo ya mpira huku ametega sikio.

"Huu ni mzima," alisema. "Ulipinda ukiwa mchanga, ukifuata mwanga. Mizizi yake imeshika barabara. Tutapunguza matawi makavu tu."

"Lakini umepinda!" alisema Wakili.

"Kupinda si ugonjwa, mwanangu."

Akaugeukia mkungu. Aligonga mara moja, akasimama. Akagonga tena chini zaidi. Sauti ilitoka kama ya pipa tupu.

"Mama, naomba uondoke hapo," alisema. "Sasa hivi. Cherehani tutaifuata."

Mama aliinuka na kitambaa mkononi. Mtaalamu alichuchumaa penye shina.

"Hapa hapajawahi kuota uyoga?"

"Hapana," alijibu baba kwa uhakika.

Wakili angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua.

"Ulikuwapo," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa naukwangua. Tangu mvua za mwaka jana."

Wote walimgeukia. Mtaalamu alichukua ufito mwembamba wa chuma akausukuma kwenye ufa wa shina. Ulizama kama kisu kwenye ndizi mbivu.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Uyoga wa namna hii ni dalili ya kuoza ndani. Huu hauna budi kuondoka."

Wakili aliutazama mti, akamtazama mama. Ni yeye aliyemhamishia pale. Machozi ya hasira yalimtoka, na safari hii alijikasirikia mwenyewe.

Keshokutwa yake mtaalamu alirudi na wasaidizi wawili. Waliwaondoa watu wote uwanjani, wakaushusha mkungu kipande kwa kipande kwa kamba, kisha wakang'oa kisiki. Hakuna hata kigae kilichovunjika. Ndani ya shina palikuwa na uwazi ambao, bibi alisema, kuku angeweza kutagia.

Baba alikuna kichwa. "Nilisema kutazama kila mtu anaweza," alikiri. "Kumbe tulikuwa tunakodoa macho tu."

Mama alimvuta Wakili karibu.

"Hukukosea kuogopa," alimwambia. "Ulikosea kuhukumu, na sisi wakubwa tulikosea zaidi. Ukiona hatari, sema, tena usichoke kusema. Lakini jibu lake litafute kwa mtu aliyelisomea. Akija, mweleze yote uliyoyaona, hata yale unayoyaonea aibu. Ungenyamaza juzi, tungechelewa."

Wakili alifuta uso. Alifungua mdomo kubisha, akaona hapana cha kubisha. Akachukua koleo, akaenda kumsaidia baba kufukia shimo la kisiki.