Msalaba wa Chaki

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, mtu asiyejua hata kudanganya umri wake.

Saratani ilimfanya akatwe titi la kushoto miaka miwili iliyopita. Juzi daktari alimwambia, "Uko safi, mama. Sitaki kuiona sura yako mpaka miezi sita ipite." Rafiki yangu alicheka, lakini kila akioga vidole bado vinatangulia kwapani kupapasa kama kuna uvimbe.

Jana saa nane mchana aliingia stoo ya duka lake la ushonaji kuchukua bitana ya gauni la mteja. Stoo haina dirisha. Umeme ukakatika, giza totoro likatanda. Ndipo akasikia: kwaru, kwaru. Ilikuwa chaki juu ya kitambaa, sauti anayoijua kama pumzi zake. Na kwa mafundi wa pale, msalaba wa chaki una maana moja tu: kata hapa.

"We mdogo wangu, acha utani!"

"Utani gani, dada?" mdogo wake akajibu kutoka mbali, barazani. "Niko huku nampima mteja."

Kwaru. Kisha kimya.

Umeme uliporudi alitoka mbio, akamweleza mdogo wake sauti ile ya chaki. Mdogo wake akamkagua mbele na nyuma. "Blauzi haina hata vumbi. Panya tu hao, dada."

Moyo ukamtulia. Akajifungia kwenye chumba cha kujaribia nguo ili abadili blauzi iliyolowa jasho. Alifungua vifungo kimoja kimoja mbele ya kioo.

Msalaba ulikuwa mweupe, umenyooka kama wa fundi mzoefu, juu ya ngozi ya titi la kulia.